Ng'ombe Walioenda Kunywa Maji

Ninyi walimu vijana mnaopita hapa kwangu Kilimatinde, mkaniamkia shikamoo, kisha mkaniambia mmepangiwa shule ya kijijini kwa sauti ya mtu aliyefiwa, hebu kaeni kidogo. Chai ipo. Na msiniangalie hivyo, sitawahutubia habari za wito. Wito mimi sikuwa nao. Nilisomea ualimu kwa sababu uuguzi una damu na damu naiogopa mpaka leo, na miaka ile binti wa misheni aliyemaliza shule alikuwa na njia hizo mbili, au aolewe na mchungaji. Wachungaji nao niliwaona wote wazee.

Kila mnapokuja mnauliza jambo lile lile. Mwanafunzi asiyetaka kusoma, mtoro, mzito, anayekaa nyuma akatazama nje, unamfanyaje? Mnataka dawa. Dawa sina, nina kisa cha Felista.

Nilipangiwa shule moja mbele ya Sepuka, Unyaturu. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya, tunaliimba asubuhi na jioni, na shule ilikuwa na vyumba viwili vya tofali mbichi, shamba la uwele, na banda la kuku ambalo vicheche walilijua vizuri kuliko sisi. Mimi ni Mgogo, lakini Mgogo wa aibu, maana baba yangu alikuwa fundi cherehani wa misheni na hatukuwa hata na ndama. Ng'ombe nilikuwa namfahamu akiwa kwenye sahani. Kumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Elia, alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, mtu mrefu, mpole, anayecheka bila kutoa sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Siku ya kwanza alinionyesha darasa la nne akaniambia, "Hawa ndio wako. Mwisho wa mwaka wana mtihani. Atakayepita anakwenda la tano, atakayeshindwa anarudi nyumbani na huko ndiko shule yake inakoishia." Ndivyo ilivyokuwa zamani, wajukuu zangu. Mtoto wa miaka kumi na kitu alikuwa anapimwa asubuhi moja, na mlango ukifungwa umefungwa.

Vitabu vya hesabu vilikuwa vimejaa machungwa. Juma ana machungwa haya, ampe Asha machungwa yale, yamebaki mangapi. Darasa langu lote hakuna aliyewahi kula chungwa. Nikaona niwe mwalimu hodari. Nilipokwenda Singida mjini nikanunua chungwa moja sokoni, nikarudi nalo limefungwa kwenye leso. Likazungushwa darasani mkono kwa mkono, kila mtoto analinusa, na liliporudi mezani kwangu lilikuwa limechubuliwa kwa kucha pande zote na hakuna aliyejifunza kutoa. Mwalimu Elia alichungulia dirishani mabega yakipanda na kushuka.

Chuoni tulifundishwa kwamba hesabu zitoke kwenye mazingira ya mtoto. Vizuri. Nikajiuliza, hawa watoto wana nini kwao? Wana ng'ombe. Usiku huo nikayafuta machungwa yote kwenye maandalio yangu, nikaweka ng'ombe, na nilijisifu kweli kweli.

Kesho yake nikasimama mbele ya ubao. Kulikuwa na msichana wa dawati la mbele, mwembamba, mchangamfu, wa kwanza siku zote kunyoosha mkono katika kujumlisha. Huyo ndiye Felista. Nikamchagua yeye makusudi ili mambo yaanze vizuri. Nikasema, Felista, baba yako ana ng'ombe kumi na wawili, watatu wakafa, wamebaki wangapi?

Darasa lilinyamaza hata kuku wa shule ukawasikia nje. Felista aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. Nikarudia. Hakujibu. Nikamuuliza mwenzake wa pembeni, naye akainama. Nikadhani ni ujinga, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikampa Felista chaki. Akaishika, akasimama pale mpaka kengele ikapigwa.

Sasa sikilizeni bahati yangu. Wiki hiyo hiyo ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliingia kwa kina Felista na ng'ombe mmoja wa baba yake akafa. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini sikujua kama unaweza kumponza na ng'ombe wa mtu. Habari ilizunguka kijiji kizima kwamba yule mwalimu mgeni wa kike ana mdomo. Mgeni ni kuku mweupe, hata akijificha anaonekana. Akina mama niliokutana nao kisimani waliniitikia salamu huku wakisogeza watoto wao upande wa pili, na mimi sikujua sababu. Hakuna aliyeniambia. Heshima ya watu wale ilikuwa kubwa mno kumwambia mwalimu kwamba ameua ng'ombe.

Felista aliendelea kuja, lakini alihamia dawati la nyuma. Kipindi cha hesabu kikianza alikuwa anageukia nje. Kujumlisha alijumlisha. Kutoa hata kwa vijiti hakugusa. Baadaye akaanza utoro, kwanza siku za mnada, kisha siku yoyote. Wenzake walisema anachunga, maana wadogo zake wa kiume walikuwa bado wadogo mno kufuata kundi, na baba yake amesema kama shule yenyewe haimuingii basi aje afanye kazi inayomuingia.

Mimi nilishaandika kichwani kwamba huyu ni mzito na mkaidi. Ndivyo tunavyofanya, msibishe, na ninyi mnafanya. Mtoto akinyamaza tunampa jina, na tukishampa jina tunaona kazi imeisha. Nikaenda kwa Mwalimu Elia kumwomba ampelekee mgambo, amkamate baba mtu, maana utoro ulikuwa kosa. Mwalimu Elia hakukataa. Aliniuliza tu kama ninapajua nyumbani kwa mtoto.

"Sipajui," nikasema.

"Basi nenda. Lakini usiende na fimbo, wala usiende na barua. Nenda na kiu."

Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba mwalimu akifika kwa mzazi na maneno, mzazi naye anatafuta maneno ya kujibu. Lakini akifika ameungua jua akaomba maji ya kunywa, hakuna nyumba Unyaturu, wala Unyiramba, wala kwetu Ugogo, itakayomnyima, na mtu aliyekupa maji hawezi tena kukufukuza. Unakunywa polepole. Unakaa. Unaangalia watu wa nyumba hiyo wanafanya nini jioni. Hilo nimelifanya miaka yangu yote ya kazi, nimekunywa maji ya nyumba nyingi sana, mengine yakiwa na viluwiluwi, na nawaambia ni kitabu ambacho chuoni hawanacho.

Siku chache kabla sijaenda kwa kina Felista nilijaribia kwa kijana mmoja aliyekuwa analala darasani kila siku mpaka anakoroma. Nilikunywa maji kwao, nikagundua kwamba toka alfajiri anapelekwa shambani kuamia ndege wasimalize uwele. Sikumwambia mtu neno. Nilimhamishia tu kusoma baada ya saa nne, nikamwacha alale asubuhi pale nyuma juu ya gunia, na akaamka na akili zake. Hiyo ilikuwa rahisi. Ilinipa kiburi kidogo, nikaenda kwa kina Felista nikijiona mganga.

Nilifika jua limeinama. Mama Felista alinikaribisha kigoda, akanipa maji kwenye kibuyu, yana ubaridi na harufu ya moshi. Alikuwa mama mcheshi, Kiswahili chake kidogo, anachanganya na Kinyaturu, na tulichoshindwa kuambiana tulichekeana. Baba mtu, mzee Njiku, alikuwa amekaa langoni pa zizi akisuka kamba. Nilimwamkia akaitikia vizuri, akarudia kamba yake.

Ndipo kundi likarudi, na nyuma yake Felista, na fimbo ndefu kuliko yeye. Hakuniona. Alikimbilia langoni akasimama upande wa pili, akimkabili baba yake, na ng'ombe wakaanza kuingia katikati yao. Kila mmoja akipita Felista alimtaja jina lake kwa sauti ya chini. Majina hayo ya Kinyaturu sitawaambia, nitayakosea na ng'ombe wenyewe wataninunia, lakini mama yake alinitafsiria pale nilipokaa. Huyu ni mwenye baka la jicho. Huyu ni wa mahari ya shangazi. Huyu ni mzaliwa wa siku ya mvua ya mawe. Wa mwisho alipopita, mzee aliuliza neno moja, na Felista akajibu bila kufikiri. Mzee akainuka na kwenda gizani nyuma ya miiba, akarudi akimswaga ndama aliyekuwa amebaki nje.

"Amemuuliza nini?" nikamuuliza mama.

"Nani hayupo," akasema.

Mimi nilifurahi. Nilisahau kiu na ushauri wote. Mtoto niliyemwita mzito alikuwa amepitisha kundi zima kichwani na kuona pengo la ndama mmoja. Nikamgeukia mzee Njiku, na kwa furaha yangu yote nikamuuliza, mzee, hongera, kwani hawa ng'ombe wako ni wangapi?

Mama Felista alifunika mdomo kwa kanga. Felista akaangalia chini. Mzee aliweka kamba yake pembeni, na Kiswahili chake kilikuwa cha minadani, kifupi na kilichonyooka.

"Mwalimu, wewe Mgogo wa wapi usiyejua ng'ombe? Mtu hahesabu mifugo yake. Ukiihesabu unaionyesha kwa kifo, na kifo kinajua kutoa kuliko wewe. Tena mwanangu aniambia ulisimama mbele ya watoto ukawaua watatu wangu kwa jina langu."

Nilitamani ardhi inimeze na kile kigoda chake. Hapo ndipo kila kitu kilinijia kwa pamoja, ule ukimya wa darasa, ile chaki, wale mama wa kisimani. Mtoto hakuwa ameshindwa hesabu. Alikuwa anawalinda ng'ombe wa baba yake dhidi yangu. Nilimwomba mzee radhi, nikapiga goti kama inavyopasa, nikamweleza habari ya machungwa, lile nililolinunua na lilivyorudi limechubuliwa. Mama Felista alipotafsiri ile habari ya kucha, mzee alianza kucheka, na akicheka alikuwa anakohoa, akikohoa anacheka zaidi. Kuuliza si ujinga, wajukuu. Nikamuuliza basi nifanyeje, maana mtihani unakuja na bila kutoa mtoto hapiti.

Aliichukua tena kamba yake. Akasema kama hakuna budi, basi nihesabu ng'ombe wa ubaoni. Wa ubaoni hawana mwenyewe. Nisiwape jina lake wala jina la mzee yeyote. Na nisiwaue.

"Sasa wakipungua wameenda wapi?" nikauliza.

Ni Felista aliyejibu, na ilikuwa mara ya kwanza kusema nami baada ya miezi.

"Wameenda kunywa maji," akasema.

Mzee akakubali. Kuhusu shule alisema maneno yaliyonikaa moyoni, kwamba atamruhusu mpaka mtihani. Jina la mtoto likiitwa miongoni mwa waliopita, sawa, na yeye si mtu wa kugeuza neno. Lisipoitwa, nisije tena kuomba maji.

Basi nilirudi nikaligeuza somo zima. Nilikusanya mawe ya mtoni ya rangi mbalimbali, nikayapanga juu ya meza, watoto wakayapa majina wenyewe, na si majina ya ng'ombe wa kwao. Nikafunika, nikaondoa baadhi, nikafunua, na swali langu la kwanza halikuwa yamebaki mangapi. Lilikuwa nani hayupo. Wakishawataja wasiokuwepo, ndipo tunaandika wangapi wameenda maji, ndipo wangapi wako zizini. Mnaona? Kitabu kilianza na kilichobaki, wao walikuwa wanaanza na kilichokosekana. Njia ni ile ile ila wao wanaiingilia mlango mwingine. Darasa lile lilikuwa la makelele matamu, na Felista alirudi dawati la mbele bila mtu kumwambia. Kiangazi kilikuwa kikali, ng'ombe wa kweli walipelekwa mbali kwenye visima vya mchangani mtoni, na Felista alikuwa anachunga asubuhi kabla ya shule na akirudi anasoma kichwa kikimwanguka kwa usingizi. Nilimpenda mtoto yule. Nasema wazi, nilimpenda kuliko inavyomfaa mwalimu.

Mtihani ukaja. Alitumwa msimamizi kutoka shule nyingine, na sisi walimu wa pale tukakatazwa kusogea. Nilikwenda shamba la shule kukusanya mabua yaliyokwisha kukusanywa jana yake. Mwalimu Elia naye alikuja akajifanya anakagua uzio. Watoto wa kwanza walipotoka, walinikimbilia wakitweta, na mmoja akasema kwa masikitiko kama analeta taarifa ya msiba.

"Mwalimu, kwenye mtihani ng'ombe wamekufa."

Mtu fulani mjini, mwema kama mimi, naye alikuwa ameamua kuyaacha machungwa. Mfugaji mmoja ana ng'ombe kadha wa kadha, kadha wakafa kwa ugonjwa. Na haikuwa swali moja, sehemu nzima ya kutoa ilikuwa zizi la mizoga. Niliketi juu ya mabua yangu. Niliona nimemfundisha mtoto mlango mmoja, na mtihani umeuziba.

Felista alitoka wa mwisho. Alikuja taratibu, vidole vina wino, akasimama mbele yangu na kuniamkia kwanza, maana alilelewa vizuri. Nilimuuliza kama ameyaona. Akasema ameyaona. Nikamuuliza kama amejibu.

"Nimejibu yote, mwalimu. Wale waliokufa niliwapeleka maji kwanza."

Mwalimu Elia aligeuka akatazama uzio, mabega yanapanda na kushuka, na safari hii sikuwa na hakika kama anacheka.

Jina la Felista liliitwa. Shule ya darasa la tano ilikuwa mbali, ya kulala huko huko. Asubuhi ya kuondoka mzee Njiku alimleta mwenyewe mpaka shuleni kwetu, ambapo lori la chama lingempitia, na sanduku la mbao amelibeba begani. Lori liliondoka na vumbi lake. Mzee alibaki amesimama pale njiani, na mimi nikabaki naye kwa sababu sikujua kumwacha. Mwishowe akasema, bila kuniangalia:

"Mwalimu, sasa jioni langoni atasimama nani? Na mimi nikiuliza nani hayupo, nitajibiwaje?"

Sikujibu kama mwalimu. Nilikuwa binti mdogo tu mbele ya mzee anayelilia mwanawe.

"Sema ameenda kunywa maji, baba."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akachukua fimbo yake akaenda.

Ndiyo maana, mkiniletea taarifa zenu kwamba darasani wamefaulu wengi na asilimia imepanda, nasema hongera, mnywe chai. Lakini mimi huwa nawauliza nani hayupo. Nani amekaa humo humo ndani, ametazama nje, hayupo? Mtaje jina. Kisha nendeni kwao na kiu.

Mengine nitawamalizia haraka, kibatari cha macho yangu kinafifia. Miaka ilipita, tukahamishwa na kuhamishiwa, vijiji vya ujamaa vikaja na watu wakasogezwa pamoja, hata kwa mzee Njiku zizi likajengwa upya karibu na barabara. Nilikuwa nimerudi shule ile kama Mwalimu Mkuu siku Felista aliporudi. Alikuwa mtaalamu wa mifugo, ametumwa na serikali kusimamia josho la wilaya yetu, na kazi yake mojawapo, chekeni kama mtapenda, ilikuwa kuhesabu ng'ombe. Wazee waliowaficha mabwana mifugo wote waliotangulia idadi ya makundi yao, yeye walimwacha ayaone bila taabu. Hakuwahi kuwauliza wanao wangapi. Alikuwa anaomba maji, anakaa, anasubiri kundi lirudi.

Jioni ya kwanza alinipitia shuleni tukaenda wote kwao. Mama yake alitukimbilia na vigelegele. Mzee alikuwa langoni, macho yameshaanza kuwa na ukungu, na kundi lilikuwa limefika. Felista aliweka mkoba wake chini, akasimama upande wake wa zamani na viatu vyake vya mjini, akaanza kuwataja kadiri alivyowajua, na wasiojulikana kwake mdogo wake wa kiume alimnong'oneza. Wa mwisho akapita. Mzee akauliza neno lile moja, ambalo kufikia hapo hata mimi nilikuwa nalielewa bila kutafsiriwa.

Hakusubiri ajibiwe. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akalishika bega la mwanawe, akajijibu mwenyewe.

"Wameingia wote," akasema, na akafunga lango.